Bi Mwanatatu na Ukoga wa Marehemu

Tangu Bi Mwanatatu aliposhika kazi ya kuosha maiti za wanawake huko Mtongwe, hakuna hata mmoja aliyeshuka kaburini na meno machafu. Alilisema mwenyewe jambo hilo bila haya, na majirani hawakumbishia, kwa kuwa wale ambao wangeweza kutoa ushahidi walikuwa hawana njia ya kurudi.

Waosha wengine hupitisha kitambaa chenye maji kinywani mwa maiti, mara moja, kisha wakaendelea na mabega. Yeye alikuwa hatosheki na hilo. Alizungusha kitambaa kidoleni akafuata jino kwa jino, mbele na nyuma, huku akimsemesha marehemu kwa upole: "Fungua kidogo, mwanangu. Hapa ulikuwa hupafikii." Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akishazikwa ataulizwa maswali, na haifai kumjibu malaika kwa kinywa kinachonuka. Mashehe hawakupata kitabu cha kumuunga mkono wala cha kumpinga, wakamwachia.

Kwa walio hai hakuwa na upole huo. Biharusi akiletwa kupakwa hina, Bi Mwanatatu alimwinua kidevu kwanza, akachungulia. Kijana akimwamkia shikamoo, alimwitikia marahaba, kisha akamwambia, "Sasa funga, nimeona ya kutosha." Yeye mwenyewe mswaki wa mti ulikuwa hautoki mdomoni, asubuhi na jioni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia naye afungue.

Jambo la pili asilolifanyia mzaha lilikuwa amana. Kinachotoka kwa maiti ni cha maiti. Unywele ukibaki kwenye kitana, ukucha ukikatika, jino likidondoka, hukusanywa, hutiwa ndani ya sanda, na mwenyewe akaondoka nacho. Siku hizi mtu huokota simu ya mwenzake kwenye feri, akaizima kwanza, ndipo akamshukuru Mungu kwa riziki. Mtu wa namna hiyo hawezi kuelewa uzito wa unywele mmoja. Bi Mwanatatu aliuelewa, na hayo yaliyomkuta yalianzia hapo.

Mdogo wake, Bakari, aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa akichimba choo. Choo chake cha zamani kilikuwa kimejaa na hakikuficha siri hiyo. Alipofika chini kwenye mwamba wa matumbawe, mtaimbo ukamponyoka, ukatumbukia peke yake. Palikuwa na pango dogo, na ndani yake mtu amelala kwa ubavu, magoti ameyakunja, kiganja kimoja chini ya shavu, kama aliyejipumzisha baada ya chakula cha mchana.

Polisi walikuja, wakatazama, wakasema kwamba hata ikiwa kuna kosa lililotendeka, mshukiwa naye atakuwa amekwisha kufa zamani. Wakawaita wataalamu wa mambo ya kale. Akaja Daktari Cheryl kutoka Nairobi, mwanamke mwembamba mwenye miwani, pamoja na msaidizi wake Jacktone, mtu mzima mwenye ndevu na mabega ya kupakia meli, ambaye kazi yake ilikuwa kupangusa mifupa kwa brashi ya kuchorea. Walipima, wakapiga picha, wakapima tena. Daktari akatangaza kwamba huyo alikuwa mwanamke, na kwamba aliishi maelfu ya miaka iliyopita, pengine kabla watu wa huku hawajajua kupanda mtama.

"Allah amrehemu," akasema Bakari. "Na choo changu?"

"Choo kitasubiri, mzee."

"Mimi naweza kusubiri. Tumbo sijui."

Kuanzia siku hiyo, nyumba nzima ya Bakari ikawa inakwenda kwa Tsofa, jirani yao Mgiriama, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa pia mtani wao. Mtani ni mtu aliyepewa ruhusa na mababu kukutukana hata msibani, na Tsofa hakuwa mtu wa kuacha ruhusa ioze. Kila Bakari alipotokea na birika mkononi, Tsofa alimpokea mlangoni: "Karibu, mtani! Wenzako huchimba choo wakapata maji. Wewe umepata mgeni."

Wazee walikaa na Daktari, Shehe Hassan wa msikitini akiwapo. Wakakubaliana kwamba mifupa isitoke Mtongwe. Itawekwa mahali penye kufuli, Daktari achukue anachokihitaji kwenye meno, kisha mwanamke huyo arudishwe palepale alipolala. Shehe Hassan akatoa neno lake: kwa kuwa aliishi kabla ya ujumbe kufika, hataoshwa wala kusaliwa kama maiti wa Kiislamu, hesabu yake ni baina yake na Mola wake. Lakini ni binti Adamu. Haki ya sanda anayo, na haki ya kaburi anayo.

Chumba chenye kufuli na ubaridi kilikuwa kimoja tu, nacho ni cha uani kwa Bi Mwanatatu. Akapewa amana. Jioni ile alifunga mlango, akasimama mbele ya ile mifupa iliyopangwa juu ya meza, akasema kwa sauti, kama asemavyo na maiti wake wote:

"Mimi Mwanatatu. Weye sikujui jina, lakini umeingia mkononi mwangu. Siku utakayoshuka, hakitabaki chako nje, hata cha ukubwa wa mchanga. Nimekuahidi."

Mtaa mzima ukawa unamwita mwanamke huyo wa pangoni Marehemu, kana kwamba Mtongwe hajapata kufa mwingine.

Daktari Cheryl, siku ya pili, alitaka kumweleza mwenye nyumba thamani ya kazi ile. Akamwonyesha meno ya Marehemu, na juu yake tabaka nene la ukoga, la rangi ya chai ya rangi, gumu kama chokaa.

"Hazina yangu ni hii, mama," akasema. "Kinywani mwa kila mtu kuna vijidudu visivyoonekana. Ukoga ukiganda, vinaganda nao, pamoja na chembe za chakula. Mtu anayekula samaki na viazi vya mwitu ana vijidudu vyake. Akianza kulima, akala nafaka na uji siku zote, vile vya kwanza vinapungua na vingine vinahamia. Mimi nikisoma huu ukoga, nitajua kama huyu alikuwa mkulima au bado."

Bi Mwanatatu alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Alichosikia ni kwamba Marehemu alikuwa mchafu na Daktari amefurahi.

"Umesoma sana, mwanangu, kwa ajili ya ukoga wa watu?"

"Sana, mama."

"Na mamako yu hai?"

"Yuko."

"Anajua?"

Jacktone alitoka nje kucheka. Daktari akaaga. Alikuwa anarudi Nairobi kuchukua vyombo vyake safi vya kukwangulia, na akaacha amri: Marehemu asioshwe. Tone la maji lisimfikie, wala mafuta, wala marashi. Bi Mwanatatu akaapa kwamba halitamfikia, na hakuna aliyewahi kumwona akivunja kiapo.

Siku chache baadaye Bakari akaja na habari. Jumamosi Daktari anarejea, na pamoja naye watakuja wakubwa wa kaunti, na waandishi wa habari wenye kamera. Watataka kumwona Marehemu, na hasa meno yake.

"Wanaume?" akauliza Bi Mwanatatu.

"Wanaume, wanawake, wote. Dada, huu ni umaarufu! Labda watanichimbia choo."

Bi Mwanatatu hakulala vizuri. Mwanamke wa watu, hana mama, hana dada, hana jina, atafunuliwa mbele ya wanaume wageni wamwangalie kinywani, na kinywa ndicho kile. Na yuko nyumbani kwa nani? Kwa Mwanatatu! Hata kama dunia ingesahau aibu ya Marehemu, isingesahau ya mwenye nyumba.

Asubuhi ya Jumamosi alikunywa chai, akala mahamri kwa mbaazi za nazi. Kisha akachagua mswaki mbichi, ulionyooka, akaumenya ncha. Akaingia uani, akafunga mlango. Maji hakutumia. Neno ni neno. Aliutafuna ule mswaki taratibu mpaka ukawa laini, nyuzi zake zimechanua kama brashi, akauingiza kinywani mwa Marehemu.

"Hebu tuone, mama. Wageni wako njiani."

Palipokuwa pagumu alitumia ncha ya sindano ya kushonea magunia, kisha akarudi na mswaki, akiutafuna upya kila ulipokakamaa. Chini alikuwa ametandaza kipande cha bafta nyeupe ya sanda. Kila kilichodondoka, kikubwa na kidogo, kilidondokea hapo. Alipomaliza, akafunga fundo, akalitia kwenye pindo la leso yake. Cha maiti ni cha maiti.

Wageni walipofika, ua ulijaa. Bi Mwanatatu alifungua mlango kwa mkono wake, akasogea kando kama mama wa biharusi. Daktari Cheryl akainama mezani. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Doc," akanong'ona Jacktone, "huyu ameng'aa kuliko mimi."

"Nani..." Daktari alishindwa, akaanza upya. "Nani amempiga mswaki?"

"Mimi, mwanangu," akasema Bi Mwanatatu. "Usinishukuru."

Kamera zilikuwa zinalia kach, kach. Mkubwa mmoja wa kaunti alisifu jinsi wazee wetu walivyotunza afya ya kinywa, akawataka vijana waige. Waandishi wakaandika. Jioni yake redio ikatangaza habari za mwanamke wa kale mwenye meno meupe kama lulu, na kesho yake akina mama wa sokoni Likoni walikuwa wanauza mswaki wa Marehemu, kana kwamba yeye ndiye aliyeukata. Uongo ukivaa nguo nzuri haukosi wa kuutembeza.

Lakini wakati ule, wageni walipokwisha kwenda kula biriani, Daktari Cheryl alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, uso mikononi, analia. Bi Mwanatatu alisimama karibu yake. Amewaona watu wakililia mali, wakililia waume, wakililia hata kuku. Mtu wa kulilia ukoga hakuwahi kumwona.

"Mama, nilisema asioshwe."

"Na hakuoshwa. Mguse, mkavu."

"Kazi yangu yote ilikuwa kwenye ule uchafu. Yote! Sasa umekwenda na ufagio."

"Ufagio? Mimi?" Bi Mwanatatu akajikuta ameghadhibika. "Mimi nitupe cha maiti?" Akafungua pindo la leso, akatoa fundo jeupe. "Huu hapa. Haujapungua hata chembe."

Daktari akaruka kutoka kwenye ile mbuzi, mkono mbele. Bi Mwanatatu akarudisha fundo kifuani.

"Nipe, mama."

"Si wako."

"Nimeutafuta miaka!"

"Mwenyewe yuko mezani. Muombe."

Aliitwa Shehe Hassan, akatolewa mezani na mkono wa biriani. Alisikiliza pande zote mbili, akapangusa wali vidoleni kimoja kimoja, maana katika masomo yake yote hakuwahi kufikiwa na kesi hiyo. Hatimaye akasema kwamba amana huweza kuazimwa kwa jambo la manufaa, mradi mwenye kuishika aridhike na irudi kamili.

"Itarudi kamili?" akauliza Bi Mwanatatu.

"Nyingine itasagwa," Daktari akakiri. "Inayeyushwa, inaingia kwenye mashine."

"Basi maji yake niletee."

"Maji yake?"

"Yakaushwe, unga wake urudi. Uliosagwa, ulioyeyushwa, uliomwagika mezani ukafutwa na kitambaa, hicho kitambaa pia. Nimemuahidi mtu."

Daktari alitazama lile fundo, akamtazama Shehe, akaapa. Bi Mwanatatu akalitoa kama mtu anayetoa figo. Ndiyo hali ilivyobaki: mifupa ikingoja kaburi, kaburi likingoja ukoga, na Bakari akingoja choo.

Baada ya majuma mengi simu ililia.

"Shikamoo, mama. Ni Cheryl. Kuna jambo silielewi. Marehemu alikula mahamri."

"Astaghfirullahi! Yuko ndani ya kufuli!"

"Mashine inasema hivyo. Ngano, mbaazi, nazi, iliki. Na kinywa kimejaa vijidudu vya mtu anayekunywa chai ya sukari kila siku. Wenzangu hapa wamegawanyika. Mmoja anasema kilimo cha Likoni ndicho cha kale kuliko vyote duniani. Mwingine ananicheka tu." Akavuta pumzi. "Mama, ule mswaki, uliulainisha na nini?"

Bi Mwanatatu alifikiri anataniwa. "Mswaki hulainishwa na nini, mwanangu? Nyundo?"

Upande wa pili kikasikika kitu kikidondoka.

"Ulikuwa umekwisha kunywa chai?" Daktari akauliza polepole.

"Tena nilikula nikashiba. Kazi ile si ya njaa."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba ndani ya fundo kulikuwa na vinywa viwili. Na ili kukitoa kimoja ndani ya kingine, Daktari akaeleza, ilibidi wakijue vizuri kile cha pili. Alihitaji ukoga wa Bi Mwanatatu.

"Sina," akasema Bi Mwanatatu, akakata simu.

Ilibidi Daktari aje mwenyewe, na Jacktone, na taa ya kufunga kwenye paji la uso. Bi Mwanatatu alikaa kwenye kigoda uani kwake, mgongo umenyooka, akafungua kinywa kwa ajili ya kuwaaibisha. Bakari alikuwapo. Tsofa alikuwa amekuja kudai birika lake lililochukuliwa kwa makosa, akaona afadhali abaki.

Jacktone aliinama, akamulika. Akageuza shingo, akamulika tena.

"Mathe," akasema kwa heshima yote aliyokuwa nayo, "hapa nyuma chini, ndani upande wa ulimi. Kuna mlima."

"Mlima wa nini?"

Daktari akamwekea kioo kidogo mbele na kingine ndani. Bi Mwanatatu akatazama. Nyuma ya meno yake ya chini, mahali ambapo mswaki wa mbele haufiki na mtu hapaoni maisha yake yote, ukoga ulikuwa umejipanga kama ukuta wa matumbawe.

Bakari akageuza uso. Hata Tsofa, ambaye alikuwa na ruhusa ya mababu, alingoja kidogo. Kisha akasema taratibu, "Nyani haoni kundule."

"Mtani, nyamaza."

"Nimenyamaza. Mabiharusi wote uliowainua videvu ndio watakaosema."

Walimkwangua. Hakuuma mtu wala hakulalamika. Alipotema mara ya mwisho, alishika mkono wa Daktari ambao ulikuwa na kichupa.

"Na changu pia kitarudi."

"Mama, cha kwako ni..."

"Kimetoka kwangu. Siku yangu ikifika nitakwenda nacho. Mwosha huoshwa, na nimewaosha wengi mno nikawakusanyia kila chembe, ili nami nikusanyiwe."

Daktari akaapa kiapo cha pili. Katika kipindi hicho cha kungoja, Bi Mwanatatu alikuwa mtu mwingine. Vijana walimwamkia shikamoo, wakaitikiwa marahaba peke yake, wakaenda zao wakiwa na wasiwasi. Biharusi mmoja aliletwa kwake, akainua kidevu mwenyewe kama ilivyo desturi, na Bi Mwanatatu akakishusha kwa kidole. "Teremsha, mwanangu," akasema. "Mimi nami nimetazamwa." Mtu mwenye kusema ukweli juu ya wengine akakubali kuusikia wake, huyo ni wa kuheshimiwa hata akiwa kwenye kigoda na kinywa wazi; wengi wetu tungekivunja kile kioo.

Daktari alirudi na vichupa viwili, kimoja cha kifuniko chekundu na kingine cheupe. Alikuwa mchangamfu. Kila kitu kimerudi, akasema, mpaka vumbi la kitambaa. Chekundu ni cha Bi Mwanatatu, cheupe ni cha Marehemu. Na jibu limepatikana. Walipoondoa mahamri na vijidudu vyote vilivyoyafuata, kilichobaki kilikuwa samaki, chaza, mizizi ya mwitu na matunda ya porini. Nafaka hakuna. Vile vijidudu vilivyohamia vinywani mwa watu pamoja na jembe, vinavyopenda wanga na kuozesha meno, vilikuwa bado havijafika.

"Alikuwa na ukoga mwingi, mama, lakini hakuwa na uozo. Kinywa chake kilikuwa salama kuliko changu na chako."

"Na changu?"

Daktari alitafuta neno la adabu. "Chako ni cha mkulima," akasema. "Mkulima mwenye sukari."

Bi Mwanatatu akatikisa kichwa. Miaka yote hiyo alipima usafi kwa weupe, na kumbe weupe ulikuwa haujui lolote. Akapokea vichupa kwa mikono miwili, akaingia ndani kutayarisha mazishi ya kesho.

Kesho yake watu walijaa nyumbani kwa Bakari. Lile shimo la choo lilikuwa limesafishwa na pango limewekwa sawa. Mifupa, imekwisha kuvikwa sanda, ilikuwa imelazwa kwa ubavu kama ilivyokutwa. Shehe Hassan alisimama ukingoni. Daktari Cheryl alijitanda leso, na Jacktone aliinamisha kichwa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja.

Bi Mwanatatu akafungua pindo la leso yake. Mkononi mwake mkawa na mafundo mawili ya bafta nyeupe, sawasawa kama mayai ya njiwa.

Daktari akatazama. "Mama, vichupa viko wapi?"

"Plastiki haiingii kaburini, mwanangu. Unga nimeufunga kwa sanda, wa kila mmoja na yake."

"Na... lipi ni lipi?"

Bi Mwanatatu akafungua mdomo kujibu. Akaufunga. Usiku alikuwa amefunga moja, akaliweka, akafunga la pili kwa fundo lilelile alilofunga maisha yake yote, maana hakujua jingine, akayatia yote mawili kwenye pindo moja, kwa uangalifu mkubwa.

"Yafungue tuangalie," akasema Bakari.

Yalifunguliwa. Unga wa kijivu, na unga wa kijivu. Tsofa aliomba anuse, akanyimwa.

"Mashine itajua," Daktari akasema. "Nitayarudisha Nairobi, si kazi kubwa, tunachukua kidogo tu tunayeyusha..."

"Kila mkipima mnapunguza," akasema Bi Mwanatatu. "Mtampima mpaka aishe."

"Dada," Bakari akanong'ona, "hawa watu wamekuja na jua ni kali. Zika moja! Hapana atakayejua."

"Mimi nitajua. Na yeye."

Alisimama na mafundo mawili kiganjani. Akizika moja, na likawa lake mwenyewe, basi Marehemu atakuwa ameachwa nje, amefungwa kwenye pindo la leso ya mtu mwingine, na ahadi aliyopewa mbele ya ile meza ilikuwa upepo. Akizika yote mawili, Marehemu atakuwa kamili. Atakayebaki na pengo ni yeye Mwanatatu, aliyewakamilisha wanawake wa Mtongwe wote.

"Shehe," akasema, "changu kikienda na chake, kuna ubaya?"

"Hapana ubaya. Watu huzika nywele na kucha zao wangali hai. Unaogopa dhambi?"

"Dhambi siiogopi. Naona haya. Kinywa chake kilikuwa hakina vijidudu vyangu wala sukari. Namtilia wageni nyumbani kwake."

Shehe Hassan alikuwa hana kitabu cha hilo pia. "Mwombe radhi," akasema.

Bi Mwanatatu akashuka mwenyewe ndani ya shimo, Jacktone akimshika mkono. Akayaweka mafundo yote mawili chini ya sanda, karibu na shavu, penye kile kiganja. Alisema neno ambalo wa juu hawakulisikia. Kisha akapandishwa, na udongo ukarudi. Bakari aliutazama ukiingia, koleo baada ya koleo, kama mtu anayeona choo chake kikifa mara ya pili.

Walipotoka pale, Tsofa alikuwa amekwisha wahi nyumbani kwa Bi Mwanatatu. Amejifunga kitambaa kichwani, amekaa kwenye baraza, anapokea rambirambi.

"Poleni, poleni," akawa anawaambia waliopita. "Mtani wangu ameanza kufa. Ametanguliza kinywa. Tumshukuru Mungu, ameanza na kile kilichokuwa kikitusumbua."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Bi Mwanatatu, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya kioo, akacheka akionyesha meno yote, ya mbele na ya nyuma.

Jioni, Bakari alipokuwa anapima pahali pengine pa kuchimbia, upande wa pili wa ua, alimwona dada yake amechutama penye lile kaburi jipya. Wengine hapo walikuwa wamechomeka vijiti vya mkadi, mti wa maua ya manukato, na majani mabichi, kama ilivyo ada. Yeye alikuwa amechomeka kijiti kimoja kilichonyooka, kimemenywa ncha vizuri.

"Umemwekea nini, dada?"

"Mswaki," akajibu Bi Mwanatatu, akajipangusa mchanga magotini. "Safari hii autafune mwenyewe."